Louis Armstrong: Gwiji wa tarumbeta aliyegoma kutumwa Moscow

SEPTEMBA 17, 1957, katika mji mdogo wa Grand Forks, kaskazini kabisa mwa Marekani, mwanamuziki Mweusi mwenye umri wa miaka 56 alikuwa chumbani kwake hotelini akijiandaa kwa onyesho la usiku. Mwandishi wa gazeti la mji huo, kijana wa miaka 21 ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alipata upenyo wa kuingia chumbani humo. Mhariri wake alikuwa amemwonya azungumzie muziki tu, siasa asiziguse. Kijana hakulitii onyo hilo. Mazungumzo yalipokwisha, mwanamuziki alikuwa amemweleza Rais wa nchi yake kuwa mtu asiye na ujasiri, amemwita gavana wa jimbo la Arkansas kwa majina ambayo gazeti lisingethubutu kuyachapa, na ametamka kwamba hatakwenda Moscow kuiwakilisha serikali iliyokuwa ikiandaa safari hiyo kwa matumaini makubwa.

Mwanamuziki huyo alikuwa Louis Armstrong, maarufu kwa jina la utani la Satchmo. Maneno hayo yangetoka kinywani mwa mtu mwingine yasingeushtua ulimwengu kwa kiasi kile. Kwa miaka mingi Wamarekani, Weupe kwa Weusi, walimjua Armstrong kama mtu wa kicheko: meno nje, macho yamemtoka, leso nyeupe mkononi, akijifuta jasho huku akiwafurahisha watazamaji wake. Wanamuziki vijana wa rangi yake walikwisha kumwona kuwa kibaraka. Ilikuwa imeaminika kwamba mtu huyu hana neno na mtu.

Kumbe alikuwa nalo. Ili kulielewa, inafaa kuanzia New Orleans.

Armstrong alizaliwa katika jiji hilo la bandari, jimboni Louisiana, Agosti 4, 1901, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuijua tarehe hiyo. Maisha yake yote aliamini amezaliwa Julai 4, 1900, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Mtaa wake ulikuwa wa mafukara, wenye sifa mbaya ya visu na bastola kiasi kwamba wenyeji waliuita Uwanja wa Vita. Baba yake, William, aliitelekeza familia mtoto akiwa bado mchanga. Mama yake, Mary Ann, ambaye watu walimfupishia jina wakamwita Mayann, alikuwa binti mdogo asiye na kazi ya uhakika, kwa hiyo miaka ya mwanzo mtoto alilelewa na bibi yake, Josephine.

Akiwa na umri wa miaka kama saba, Armstrong alianza kufanya kazi kwa akina Karnofsky, familia ya Kiyahudi iliyohamia New Orleans kutoka Lithuania. Familia hiyo ilikuwa ikinunua vyuma chakavu na matambara mchana, na usiku ikiuza makaa ya mawe, yakiwemo yale yaliyopelekwa kwa makahaba wa mtaa wa Storyville, ambako biashara yao iliruhusiwa wakati huo. Kazi ya mtoto ilikuwa kukaa juu ya mkokoteni na kupuliza kipembe cha bati ili wateja wasikie kwamba mkokoteni unapita. Hicho ndicho chombo chake cha kwanza. Alipoiona korneti, chombo cha jamii ya tarumbeta ila kifupi kidogo, katika duka la rehani ikiuzwa dola tano, akina Karnofsky walimkopesha fedha za kuanzia.

Armstrong hakuisahau familia hiyo. Mwaka 1969, akiwa amelazwa hospitalini mjini New York, aliandika kumbukumbu ndefu kuihusu. Alieleza jinsi walivyomlisha mezani pao, na jinsi alivyotambua, mtoto mdogo vile, kwamba hata Wazungu hao walikuwa wakidharauliwa na Wazungu wenzao. Kwa miaka mingi alivaa shingoni kidani chenye Nyota ya Daudi.

Usiku wa kuukaribisha mwaka 1913, kijana huyo aliichukua bastola ya mwanaume aliyekuwa akiishi na mama yake, akatoka nayo mtaani na kufyatua hewani kusherehekea. Polisi alikuwa karibu. Siku iliyofuata alipelekwa katika nyumba ya kuwarekebisha watoto Weusi iliyokuwa nje kidogo ya jiji, ambako aliishi hadi mwaka 1914. Mwalimu wa muziki wa nyumba hiyo, Peter Davis, kwanza alimtilia shaka kwa sababu ya mtaa alikotoka. Alimpa tari, kisha ngoma, kisha baragumu la kuwaamshia wenzake asubuhi, na hatimaye korneti. Muda si mrefu mtoto yule alikuwa kiongozi wa bendi. Siku bendi ilipopita ikicheza katika mtaa wake wa zamani, majirani walitoka vibarazani wakamtunza fedha nyingi.

Alipotoka alipata mlezi wa pili wa muziki, Joe Oliver, mpiga korneti aliyeheshimiwa kuliko wote jijini na ambaye watu walimpa cheo cha mfalme. Oliver alimfundisha, akampa korneti yake kuukuu, na mkewe alimpa chakula. Oliver alipohamia Chicago mwaka 1918, nafasi yake katika bendi ya Kid Ory ilichukuliwa na mwanafunzi wake. Baadaye Armstrong alipiga katika meli za starehe zilizopanda na kushuka mto Mississippi, chini ya Fate Marable, na huko ndiko alikojifunza sawasawa kusoma muziki ulioandikwa.

Agosti 1922 Oliver alimwita Chicago. Maelfu ya Weusi walikuwa wakiyahama majimbo ya Kusini kuelekea viwanda vya Kaskazini, na Armstrong alipanda treni akiwa mmoja wao. Katika bendi ya Oliver alikuwa mpigaji wa pili, akimfuata bwana wake kwa unyenyekevu. Walipokwenda Richmond, jimbo la Indiana, kurekodi santuri zao za kwanza Aprili 1923, inasimuliwa kwamba alilazimika kusimama mbali na wenzake ili sauti ya korneti yake isiwafunike. Mpiga piano wa bendi, Lil Hardin, msichana aliyesoma muziki darasani, alisikia jambo ambalo Armstrong mwenyewe hakuwa tayari kulikubali: mwanafunzi alikuwa amekwisha kumpita mwalimu. Walioana Februari 1924, na ni Lil aliyemsukuma aondoke kwa Oliver.

Mwaka huo huo alikwenda New York kupiga katika bendi kubwa ya Fletcher Henderson. Wenzake walimcheka kwa viatu vyake vya kishamba hadi aliposimama kupiga. Mwishoni mwa mwaka 1925 alirudi Chicago, na kati ya Novemba mwaka huo na Desemba 1928 alirekodi santuri kadhaa kwa makundi madogo ya watu watano au saba, yaliyoitwa Hot Five na Hot Seven. Makundi hayo yalikuwa hasa ya studio. Lakini ndizo santuri zilizobadili muziki wa karne ya 20.

Kabla ya hapo jazz ya New Orleans ilikuwa mazungumzo ya pamoja. Korneti, klarineti na tromboni viliingiliana kwa wakati mmoja, kila kimoja kikijibu chenzake, na hakuna aliyejitenga kwa muda mrefu. Armstrong alimtoa mpigaji mmoja mbele ya wengine. Alionyesha kwamba mtu anaweza kuuchukua wimbo, kuuvunja na kuujenga upya papo hapo, akasimulia kisa kizima bila neno. Aliichezea pia mapigo ya muziki, akichelewa kidogo hapa na kuwahi pale, hivyo wimbo ukaonekana kunesa. Katika West End Blues, iliyorekodiwa Juni 28, 1928, anaanza peke yake, bila hata chombo kimoja cha kumsindikiza, kwa sekunde zipatazo 12 tu. Wapiga tarumbeta wanaendelea kujifunza sekunde hizo hadi leo, na wengi hushindwa.

Jambo la pili lilikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito na ya kukwaruza, sauti ambayo mwalimu wa kwaya angeikataa mlangoni. Katika Heebie Jeebies ya mwaka 1926 aliimba kwa silabi zisizo na maana yoyote, akiitumia kinywa kama anavyoitumia korneti. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, lakini baada ya santuri hiyo kila mmoja alitaka kuiga. Waimbaji wengi wa Marekani waliokuja baadaye, wakiwemo Bing Crosby na Billie Holiday, walikiri kujifunza kwake namna ya kuimba kana kwamba mtu anazungumza.

Katika miaka hiyo aliiacha korneti na kushika tarumbeta, na mwaka 1929 alihamia New York, ambako wimbo wa Ain't Misbehavin' ulimfikisha kwa watazamaji wa Broadway. Jina lilikua, na matatizo yalikua pamoja nalo. Mwaka 1930 alikamatwa California kwa kuvuta bangi, kitu ambacho hakuwahi kukificha wala kukiacha. Alivutana na mameneja, na wahuni wenye silaha wa Chicago walimtishia.

Mwaka 1931 alirudi New Orleans kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Jiji lilimpokea kwa gwaride, lakini ukumbi aliopangiwa, Suburban Gardens, ulikuwa wa Weupe peke yao. Weusi waliotaka kumsikia walikusanyika nje, juu ya tuta la mto, wakitega masikio kwenye madirisha. Onyesho lilikuwa likirushwa na redio, na wakati wa kumtambulisha ulipofika mtangazaji Mzungu alikataa kutamka utambulisho wa mtu Mweusi. Armstrong alikishika kipaza sauti akajitambulisha mwenyewe, na watu walimshangilia. Miezi michache baadaye, mjini Memphis, polisi waliikamata bendi yake nzima kwa sababu alikuwa ameketi ndani ya basi karibu na mke wa meneja wake, mwanamke wa Kizungu.

Huko Ulaya alipokewa kama mfalme. Jina la Satchmo lenyewe lilizaliwa London mwaka 1932, pale mhariri wa jarida la muziki alipolikata jina lake jingine la utani lililomtania kwa ukubwa wa kinywa. Lakini kinywa hicho kilikuwa kimeanza kudhurika. Alikuwa akikandamiza tarumbeta mdomoni kwa nguvu mno, akipanda noti za juu moja baada ya nyingine ili kuwaridhisha watazamaji, na mdomo wake ulichanika. Mwaka 1934 ilimbidi apumzike Paris kwa miezi kadhaa. Alirudi Marekani mwanzoni mwa 1935 akiwa hana bendi na anadaiwa.

Hapo ndipo alipojikabidhi kwa Joe Glaser, mwanaume mkali wa Chicago aliyekuwa na uhusiano na genge la Al Capone. Glaser alikuwa meneja wake hadi alipofariki mwaka 1969. Alishika fedha, mikataba na ratiba, akamlipia madeni na kodi, na hapana shaka alijilipa mwenyewe vizuri. Armstrong alitaka tu kupiga tarumbeta bila kusumbuliwa, na katika Marekani ya wakati ule Mweusi asiye na Mzungu mbabe nyuma yake hakufika mbali. Wapo wanaomlaumu kwa uamuzi huo. Wanaofanya hivyo wakumbuke mwisho wa mwalimu wake. Joe Oliver aliumwa ufizi, akapoteza meno, akadhulumiwa na mawakala, na mwaka 1937 Armstrong alimkuta Savannah, jimbo la Georgia, akiuza mboga barabarani. Alimpa fedha zote alizokuwa nazo mfukoni. Mwaka uliofuata Oliver alifariki maskini.

Chini ya Glaser, Armstrong aliingia katika filamu na redio za taifa. Mwaka 1937 alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuendesha kipindi cha redio cha nchi nzima kilichodhaminiwa na kampuni. Mwaka 1947, bendi kubwa zilipoanza kufa, alirudi kwenye kundi dogo lililoitwa All Stars, la Weusi na Weupe pamoja. Februari 1949 picha yake ilikuwa jalada la jarida la Time, heshima ambayo hakuna mwanamuziki wa jazz aliyekuwa ameipata kabla yake.

Katika ndoa hakutulia mapema. Baada ya Daisy Parker, Lil na Alpha Smith, mwaka 1942 alimwoa Lucille Wilson, mcheza dansi, aliyedumu naye hadi mwisho. Lucille alinunua nyumba huko Corona, mtaa wa kawaida wa Queens, New York, wakati mumewe akiwa safarini. Armstrong alifika kwa teksi mwaka 1943 na kumwambia dereva asubiri kwanza, maana hakuamini kwamba nyumba nzuri kiasi kile ni yake. Aliishi humo miaka 28. Alipokuwa na uwezo wa kununua jumba lolote alilotaka, hakuhama. Jioni alikaa kwenye ngazi za mlangoni, watoto wa jirani wamemzunguka.

Ni katika kipindi hiki cha mafanikio ndipo lawama zilipozidi. Muziki wa jazz ulikuwa umebadilika. Vijana kama Dizzy Gillespie na Miles Davis walipiga kwa kasi na kwa hesabu ngumu, wakavaa miwani meusi na kuwapa watazamaji mgongo. Waliuheshimu upigaji wa Armstrong, lakini kicheko chake kiliwakera. Kwao kilikuwa kicheko cha mtumwa mbele ya bwana wake. Mwaka 1949 alipokubali kuwa Mfalme wa Wazulu katika sherehe za Mardi Gras za New Orleans, uso umepakwa rangi nyeusi na nyeupe, kavaa sketi ya majani, Weusi wengi wa Kaskazini walifunika nyuso kwa aibu. Yeye alikuwa akitimiza ndoto ya kila mtoto wa mtaa wake, kwa kuwa chama kilichoandaa gwaride hilo kilikuwa cha Weusi wa New Orleans wenyewe na kilikusudia kuwakejeli Wazungu na wafalme wao wa sherehe. Kejeli hiyo haikusomeka mbali na nyumbani.

Mei 1956 alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza. Ghana ilikuwa bado inaitwa Gold Coast, ikiwa imebakiza chini ya mwaka mmoja kupata uhuru. Mjini Accra bendi za wenyeji zilimpokea uwanja wa ndege zikipiga, na onyesho lake la uwanjani linakadiriwa kuhudhuriwa na watu laki moja. Mbele ya Kwame Nkrumah alipiga Black and Blue, wimbo wa malalamiko ya mtu anayeteswa kwa rangi yake, na kamera za televisheni ya CBS zilimnasa Nkrumah akisikiliza kwa uso uliozama katika fikra. Katika ngoma za kumkaribisha, Armstrong alimwona mwanamke mmoja aliyefanana mno na marehemu mama yake. Tangu siku hiyo alikuwa na hakika kwamba asili yake ilikuwa huko.

Mwaka huo huo jimbo la Louisiana lilipitisha sheria iliyopiga marufuku burudani ya Weusi na Weupe jukwaa moja. Armstrong, mwenye bendi ya mchanganyiko, aliamua kutopiga tena katika jiji lililomzaa hadi sheria hizo ziondoke. Hakutangaza kwa ngoma na zumari. Aliacha tu kwenda, kwa miaka tisa.

Septemba 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa Weusi wasiingie katika shule ya sekondari ya Central mjini Little Rock, ingawa mahakama ilikuwa imeamuru waingie. Jaji aliyetoa amri hiyo, Ronald Davies, alitokea Dakota Kaskazini, na Grand Forks ulikuwa mji wake. Mwandishi kijana alipomtajia Armstrong jambo hilo, ghadhabu ya miaka mingi ilimwagika. Armstrong alihoji atawajibu nini watu wa Urusi wakimuuliza kuna nini nchini kwake. Aliuimba hata wimbo wa taifa kwa maneno ya matusi. Mwandishi na yeye walikubaliana tusi moja dhidi ya Faubus libadilishwe liwe la kuchapika, na likawa mkulima asiye na elimu.

Shirika la habari la AP lilisita kuisambaza taarifa hiyo bila uthibitisho. Asubuhi kijana alirudi hotelini na maandishi yake. Armstrong aliyasoma, akayaidhinisha kwa mkono wake mwenyewe na kusema asifute kitu. Habari ilipozagaa, meneja wake wa safari alijaribu kudai kwamba mwanamuziki amejutia maneno yake. Armstrong alimkana hadharani. Baadhi ya vituo vya redio vya Kusini vilitupa santuri zake, Chuo Kikuu cha Arkansas kilifuta onyesho lake, na waandishi wa safu magazetini walidai asusiwe. Wachache mno miongoni mwa wasanii wenzake walimtetea, na baadhi ya Weusi waliokuwa wakimwita kibaraka sasa walimlaumu kwa kuchelewa. Septemba 24 Rais Eisenhower alipeleka askari wa miavuli wa Kikosi cha 101 kuwasindikiza watoto shuleni. Armstrong alimpelekea simu ya pongezi. Moscow hakwenda, wala hakuwahi kuutembelea Umoja wa Kisovieti.

Kisa hicho kingekuwa rahisi kusimulia kama kingekoma hapo. Oktoba 1960 Armstrong alirudi Afrika kwa ziara ndefu, safari hii wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikiwa nyuma yake pamoja na kampuni ya Pepsi-Cola. Alipita pia Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi zilizokuwa bado chini ya Waingereza. Jomo Kenyatta alikuwa angali kizuizini Lodwar. Neno jazz wakati huo lilikwisha kuwa la wenyeji: kuanzia Dar es Salaam hadi Morogoro na Leopoldville bendi zilijiita jazz, OK Jazz ya Franco ikiwa mojawapo, ingawa kilichopigwa kilikuwa rumba na dansi. Sasa mwenye jazz yake alikuwa amekuja.

Kongo ndiko ziara ilikokuwa na uzito. Nchi hiyo ilipata uhuru Juni 30, 1960, na katika wiki chache jeshi likaasi, na jimbo la Katanga, lenye shaba, kobalti na yale madini ya urani yaliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima, likajitenga chini ya Moise Tshombe. Armstrong alipowasili Leopoldville, Oktoba 28, Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake katika jiji hilo hilo, huku askari wa Mobutu wakilinda nje. Wenyeji walimbeba mgeni juu ya kiti kama chifu, na watu wapatao 10,000 walifurika uwanjani. Armstrong alijivunia daima kwamba pande zilizokuwa zikipigana ziliweka silaha chini zimsikilize. Novemba alipiga Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, makao makuu ya Katanga, ambako Marekani haikuwa na ruhusa ya kuitambua serikali ya Tshombe lakini sasa maofisa wake walikuwa na sababu ya kwenda.

Katika kitabu kilichotoka mwaka 2021, mwanahistoria Susan Williams ameeleza kwamba ofisa wa ubalozi aliyeketi mezani na Armstrong na Lucille kwa chakula cha usiku, Larry Devlin, alikuwa mkuu wa shirika la ujasusi la CIA nchini Kongo, na mwanamuziki hakujua. Wakati tarumbeta ikivuta umati, mipango ya kumwangamiza Lumumba ilikuwa ikisukwa. Lumumba alitoroka Novemba 27, akakamatwa siku chache baadaye, na Januari 17, 1961 aliuawa karibu na Elisabethville, mji ule ule Armstrong alioupigia majira hayo. Filamu ya mwongozaji Mbelgiji Johan Grimonprez iliyoonyeshwa mwaka 2024, Soundtrack to a Coup d'Etat, imeuweka muziki huo na mauaji hayo ndani ya kisa kimoja. Mtu aliyekataa kuwa pambo la serikali yake Moscow alitumiwa kuwa pazia Kongo bila kuambiwa.

Ziara hiyo ilimgharimu kwa njia nyingine pia. Velma Middleton, mwimbaji aliyekuwa naye kwa takriban miaka 20, alipatwa na ugonjwa wa ghafla nchini Sierra Leone Januari 1961. Bendi iliendelea na ratiba, naye akabaki hospitalini. Alifariki mjini Freetown Februari 10, akiwa na umri wa miaka 43.

Armstrong aliporejea nyumbani alirekodi pamoja na Dave Brubeck na mkewe Iola mchezo wa muziki, The Real Ambassadors, uliokejeli namna Marekani inavyowatuma wanamuziki Weusi ughaibuni huku ikiwanyima haki nyumbani. Mwaka 1962 ulionyeshwa mara moja tu, Monterey, California. Machi 1965, akiwa Ulaya, alitazama kwenye televisheni polisi wakiwapiga waandamanaji wa Selma, na akawaambia waandishi kwamba hata Yesu angepigwa kama angekuwa Mweusi na kuandamana. Oktoba mwaka huo, sheria za ubaguzi zikiwa zimefutwa, alipiga tena New Orleans.

Umaarufu wake wa mwisho ulikuja kwa bahati. Hello, Dolly! aliirekodi Desemba 1963 bila kuipa uzito. Walipokuwa ziarani na watu wakaanza kuidai, ilibidi bendi ijifunze upya. Mei 1964 wimbo huo uliwaondoa Beatles kileleni mwa chati ya Marekani, baada ya vijana hao kukishika kilele kwa wiki 14 mfululizo. Armstrong alikuwa na umri wa miaka 62. What a Wonderful World ya mwaka 1967 ilikuwa kinyume: ilishika namba moja Uingereza, lakini Marekani mkuu wa kampuni iliyoitoa hakuipenda na hakuitangaza, ikauza nakala zisizofika elfu moja. Wamarekani waliigundua baada ya filamu ya Good Morning, Vietnam ya mwaka 1987, wakati mwimbaji alikuwa amekufa miaka 16.

Moyo ulikwisha kumsumbua tangu mwaka 1959, alipougua ghafla mjini Spoleto, Italia. Madaktari walimkataza kupiga, akakataa kukatazwa. Machi 1971 alipiga wiki mbili katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, kinyume cha ushauri wao, na kutoka hapo akaingia hospitali. Julai 4 alisherehekea nyumbani kile alichodhani ni miaka 71. Alifariki usingizini alfajiri ya Julai 6. Watu wapatao 25,000 walipita mbele ya jeneza lake, kisha akazikwa katika makaburi ya Flushing, Queens.

Dizzy Gillespie, aliyekuwa mstari wa mbele kumdhihaki, aliandika katika kitabu cha maisha yake mwaka 1979 kwamba alikosea. Kicheko kile, alikiri, kilikuwa namna ya Armstrong ya kukataa kunyang'anywa furaha, hata na ubaguzi wenyewe.

Katika miaka ya 1980 mtafiti mmoja alilikuta katika kumbukumbu za kanisa moja Katoliki la New Orleans ingizo la ubatizo la mtoto aliyezaliwa Agosti 4, 1901, na hivyo umri wake halisi ukajulikana: alikufa akiwa na miaka 69. Nyumba ya Corona ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2003, samani zikiwa kama Lucille alivyoziacha. Humo Armstrong aliacha kanda za sauti zipatazo 700 alizorekodi mwenyewe, kwenye masanduku aliyoyapamba kwa vipande vya picha. Ndani yake, zaidi ya muziki, yumo yeye akipiga soga na marafiki usiku baada ya maonyesho, akicheka, akitukana, na kuwasimulia kwa kirefu mambo aliyotendewa na Wazungu wa Kusini ambayo jukwaani hakuyatamka.